Toka Bungulu hadi Butembo: safari ya kutafuta kamera



Juma lililopita tuliahidi kuwaeleza safari ya Butembo, pamoja na jibu la swali ambalo limetugawa tangu mwezi wa kwanza: je, tutoe pesa ya sanduku tununue kamera mpya ya kisasa, au tubaki na hii ya zamani? Wengine mmesikia nusu ya habari sokoni Kilokwa, na nusu nyingine mkaijaza wenyewe. Basi tuieleze yote toka mwanzo.

Kamera tuliyo nayo ni Canon EOS 1300D. Aina hiyo ilitoka mwaka 2016, na yetu ilitufikia ikiwa imekwisha kutumika, toka Kampala, mkononi mwa shemeji wa mmoja wetu. Ina megapikseli 18, betri moja, na ile lenzi ya milimita 18 hadi 55 ambayo huuzwa pamoja nayo. Wanaoishi Bungulu wanaifahamu. Asubuhi inapita mashuleni kupiga foto za kadi za wanafunzi, watoto wakiwa wamejipanga kando ya ukuta na mashati yao meupe. Tarehe 8 mwezi wa tatu inatembea na wamama waliovaa kitenge cha namna moja. Siku za Mungu inaingia kanisani kwa ubatizo na ndoa. Imekwenda pia kwenye matanga, kwa sababu jamaa nyingi siku hizi zinaomba foto ya mwisho. Faida yake inaingia sandukuni, na toka sandukuni imetoka minervale ya watoto wengi wa sekondari. Mnakumbuka kwamba tangu 2019 masomo ya msingi ni bure, lakini sekondari bado mzazi anatafuta.

Shida ilianza na ndoa moja ya mwezi wa kumi na mbili. Mvua ilinyesha toka saa nane, mawingu yakafunga, umeme ukakatika, na jenereta ya kanisa ikakataa kuwaka. Ibada iliendelea kwa mishumaa. Tulipiga foto zaidi ya 200. Zile tulizopiga bila flashi, bibi harusi alionekana kama kivuli kilichotikiswa. Zile tulizopiga kwa flashi, uso wake ulikuwa mweupe kama unga, na nyuma yake giza tupu, kana kwamba aliolewa peke yake usiku. Jamaa walikataa kulipa nusu ya bei, na walikuwa na haki. Ndoa mbili zilizofuata zikaenda kwa kijana mmoja mwenye kamera mpya. Ndipo mmoja wetu, mama kijana anayepiga foto kuliko sisi wote, aliposimama katika mkutano wa Jumamosi akasema: "Wamama, kamera yetu imezeeka. Tununue mpya, au tuache kazi hii."

Kuna jambo la pili, ingawa siku ile hatukuliona kuwa ni jambo la kamera. Katika mwezi uleule wa kwanza alitujia bibi mmoja aliyekimbia kijiji chake na sasa anapanga chumba karibu nasi. Nyumba yake iliungua pamoja na karatasi zote. Mume wake amekufa. Akatukumbusha kwamba miaka miwili iliyopita tulipiga foto katika ubatizo wa mjukuu wake hapa Bungulu, na mzee alikuwapo, amevaa koti la kahawia. Akaomba foto ile moja tu. Tulitafuta siku tatu. Kadi ya kumbukumbu ya mwaka ule iliharibika, na kompyuta tuliyokuwa tukiitumia iliuzwa kabla hatujahamisha kitu. Tukamwambia bibi kwamba bado tunatafuta. Haukuwa ukweli wote.

Basi mkutano ukatuma watu watatu Butembo kuuliza bei: mama presidente, mama anayeshika ufunguo wa sanduku, na sisi walimu tunaoandika ukurasa huu.

Tuliondoka mapema kwa taksi, watu wanne wamebanana nyuma na mtoto mmoja juu ya magoti. Toka Beni hadi Butembo ni kilomita zipatazo 54 tu, lakini kila mkaaji wa hapa anajua kwamba njia ile haipimwi kwa kilomita. Kamera tuliiweka chini kabisa ya kikapu, juu yake kitenge, juu ya kitenge mkungu mdogo wa ndizi. Hatukuificha kwa kuwa ni ya wizi. Tangu mwezi wa tano wa 2021 jimbo letu liko chini ya utawala wa kijeshi, na hata kabla ya hapo tulijua kanuni: huelekezi kamera kwenye bariere, wala kwenye daraja, wala kwa askari. Mtu mwenye telefoni hupita. Mtu mwenye kamera kubwa shingoni huulizwa maswali, na wakati mwingine anaambiwa ashuke. Tuliliweka jambo hilo akilini, kwa maana kamera mpya ingekuwa kubwa zaidi na ya kuvutia macho zaidi.

Njia inapanda polepole. Beni iko kwenye mita kama 1,100 juu ya bahari, na Butembo inapita 1,700. Unauhisi mpando ule mwilini kabla ya kuuona: pale Kabasha hewa inaanza kuwa nyepesi, ndizi na kakao zinapungua, maharagwe na mikaratusi inazidi. Pale Maboya mazungumzo ndani ya gari yalinyamaza, kama yanavyonyamaza kila mara, kwa sababu hakuna abiria asiyekumbuka. Dereva alipunguza redio hadi tulipopita. Butembo ilitupokea kwa ukungu na baridi, na mama presidente akajuta kuacha sweta nyumbani.

Anayekwenda Butembo kununua kitu hupaswa kukumbuka kwamba mji ule umejengwa na wafanyabiashara. Wanasafiri hadi Dubai na Guangzhou, mizigo yao inashuka Mombasa, inapita Kampala, inaingia Kasindi. Ndiyo sababu katika barabara ya Président de la République unakuta vitu ambavyo hukutarajia kuvikuta mahali ambapo lami ni chache hivyo. Tuliingia maduka manne. Katika matatu ya kwanza walituonyesha bei tu. Katika la nne tulimkuta kijana mwenye subira, naye alituweka kwenye viti akatufundisha kama wanafunzi, jambo ambalo sisi walimu tulilifurahia.

Alitoa kamera ya kisasa, zile zisizo na kioo ndani yake. Akaeleza kwamba Canon na Nikon waliingia katika mtindo huo kwa nguvu mwaka 2018, na kwamba sasa kazi mpya za viwanda vyote viwili ziko huko. Alituonyesha mambo matatu, na tunayasema kwa haki, kwa sababu si uongo. La kwanza, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga, wanayoiita sensa, katika kamera kubwa ina milimita 36 kwa 24, wakati yetu ina 22.3 kwa 14.9. La pili, kamera inatafuta yenyewe jicho la mtu na kulishika hata akitembea. La tatu, inapiga bila mlio wowote, jambo zuri sana kanisani. Mama presidente aliishika, akaielekeza mlangoni kwenye watu wanaopita, na tukaona machoni mwake kwamba alikwisha kuinunua.

Bei yake, pamoja na lenzi moja, ilikuwa dola 1,700.

Hapo mama wa sanduku aliuliza swali ambalo sisi wenye diploma ya ISP hatukulifikiri: "Mwanangu, na baada ya hii, tutanunua nini tena?"

Kijana akacheka, kisha akajibu kwa ukweli. Betri ya pili, kwa kuwa kamera hizi hula betri haraka kuliko za zamani, skrini yao ikiwa inawaka wakati wote, na umeme wa Beni tunaujua. Kadi zenye mwendo. Kompyuta yenye nguvu ya kufungua foto zake. Mfuko. Na lenzi: mdomo wa kamera mpya si sawa na mdomo wa ile ya zamani, kwa hiyo lenzi ya zamani haiingii bila kipande cha kuunganisha, nacho kinauzwa peke yake. Mama alihesabu kwa vidole. Ilifika dola 2,400. Akasema polepole, kwa Kiswahili ili kijana asikie, "Basi hununui kamera. Unaoa, na kisha unalisha ukoo mzima."

Tulipokuwa tukiinuka, kijana akatuomba tumwonyeshe kamera yetu. Tukaitoa chini ya ndizi. Akaigeuza, akaipangusa, akatoa lenzi yetu na kuweka nyingine fupi, ndogo kama kikombe cha chai: milimita 50, f/1.8. Akatupeleka ghala la nyuma, ambako mwanga ulikuwa ule wa mlango tu, akampiga foto mama presidente ameketi juu ya gunia. Bila flashi. Tulipoangalia skrini tuliona mikunjo ya kitenge chake, hereni, na jasho kidogo kwenye paji la uso. Mama presidente akauliza, "Huyu ni mimi?"

Tufanye hesabu pamoja, kama ubaoni. Ile namba yenye f hueleza ukubwa wa tundu la lenzi: kadiri namba ilivyo ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi yetu ya kawaida, ukiivuta hadi mwisho, ina f/5.6. Gawa 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe, utapata karibu 10. Maana yake, lenzi ile ndogo inaingiza mwanga mara 10 kuliko yetu ikiwa imevutwa. Sasa sensa: 36 mara 24 ni 864, 22.3 mara 14.9 ni 332. Gawa, utapata mara 2.6. Kwa hiyo ugonjwa wetu wa mishumaa ulihitaji kwanza lenzi, na lenzi ile iliyokwisha kutumika iliuzwa dola 120.

Ina kasoro zake, msije mkasema tumewaficha. Haivuti wala hairudishi; ukitaka mtu awe mkubwa, unakwenda mbele kwa miguu yako. Juu ya kamera yetu, ukisimama mita nne toka kwa watu, inaona upana usiofika mita mbili. Inatosha bibi na bwana harusi, haitoshi kwaya. Kwa kundi kubwa tutatoka nje na lenzi ya zamani, kama tunavyofanya siku zote.

Tulirudi siku ileile bila kununua kitu, kwa maana hatukutumwa kununua. Karibu na Beni mawingu ya mashariki yalifunguka, na Ruwenzori ikaonekana yote, jambo ambalo halitokei kila jioni. Tunawafundisha watoto kwamba kilele cha Margherita kina mita 5,109. Hatuwaambii mara nyingi kwamba mwaka 1906 Duke wa Abruzzi, toka Italia, aliupanda mlima ule akiwa pamoja na mpiga foto Vittorio Sella, na kamera nzito za wakati ule. Barafu ya mwaka ule ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5. Kufika 2003 ilibaki chini ya 1. Foto za Sella zipo hadi leo, na mtu yeyote anaweza kuziweka kando ya foto mpya na kuona kwa macho yake kilichopotea. Kamera ya Sella leo ingeshindwa na telefoni ya mtoto. Lakini foto zake zilitunzwa.

Mama presidente alikuwa anaangalia mlima na sisi. Akasema, "Na sisi foto ya yule mzee wa koti la kahawia iko wapi?" Hakuna aliyejibu hadi tulipofika.

Jumamosi iliyofuata mkutano ulikuwa mrefu. Sandukuni mlikuwa na dola 1,900 na kidogo, pesa ya wamama 27, ambayo ndiyo inayokopeshwa kwa minervale, kwa mtaji wa samaki, kwa kununua kakao wakati wa mavuno. Tulieleza yote mnayoyasoma hapa. Tuliongeza hesabu moja: foto ya sentimita 10 kwa 15, ile ambayo karibu jamaa zote hutuomba, ikichapwa vizuri inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Yetu ina 18. Hakuna mtu Bungulu ambaye ametuletea ukuta mkubwa kuliko kamera yetu.

Mama kijana alisimama, naye hakukubali kirahisi. "Ninyi mnahesabu ubaoni," alisema, "lakini ni mimi ninayesimama mbele ya bibi harusi. Watu wanaangalia kamera kabla ya kuangalia foto. Wakiona ndogo, wanapunguza bei. Na je, kwa sababu tuko Beni, kila mara tubaki nyuma? Vita vimetuchukulia mengi. Je, na kazi nzuri pia?" Wengine walipiga makofi. Neno lake lilikuwa zito, na tunalirudia hapa kwa sababu hatukuweza kulijibu lote. Ni kweli kwamba tutapoteza ndoa kadhaa, na kamera mpya ingempa kazi rahisi kuliko miguu na subira.

Mama wa sanduku alijibu jambo moja tu. "Ndoa ya mwezi wa kumi na mbili iliharibika, tukapoteza nusu ya bei. Ubatizo wa yule mzee haukuharibika. Foto zilikuwa nzuri, tuliziona wote. Tumezipoteza sisi wenyewe, na kamera ya dola 1,700 ingezipoteza vilevile."

Tulipiga kura kwa maharagwe, meupe kwa kamera mpya, mekundu kwa kubaki. Mekundu 15, meupe 11, na mama mmoja alirudisha haragwe lake akisema atasubiri kuona. Tuliamua hivi:

Tunanunua lenzi ya milimita 50, kadi mbili mpya, na diski mbili za kutunzia foto. Pamoja na karatasi za kuchapia, haitapita dola 300. Diski moja itakaa Bungulu, ya pili katika nyumba ya mwanachama upande mwingine wa mji, kwa sababu moto au kukimbia hakutoi taarifa. Kila kazi ikiisha, foto zinaingia katika diski zote mbili kabla ya kadi kufutwa. Kila mwisho wa mwezi tunachapa angalau foto moja ya kila jamaa tuliyoipiga, na nyuma yake tunaandika kwa kalamu majina, mahali na tarehe. Diski inaweza kufa bila dalili, lakini karatasi unaiona ikizeeka na unaweza kuichapa tena. Na ombi la mama kijana halikufungwa: faida yote ya foto, toka sasa, inaandikwa katika daftari la peke yake. Siku daftari hilo litakapofikia bei ya kamera mpya na mizigo yake, bila kugusa minervale ya mtoto yeyote, tutarudi Butembo, naye ndiye atakayeichagua.

Lenzi imekwisha kufika. Kazi yake ya kwanza haikuwa ndoa. Tulikwenda kwa yule bibi tukamwambia ukweli: kwamba foto ya mume wake tulikuwa nayo, na kwamba tuliipoteza kwa uzembe wetu. Alinyamaza kitambo. Kisha akatuuliza kama tunaweza kumpiga yeye, ili wajukuu wasije wakakosa na yake. Alikaa karibu na dirisha, kitambaa kichwani, mikono juu ya magoti. Tulichapa mbili. Moja akaiweka ndani ya Biblia, ya pili akaturudishia akisema, "Hii itunzeni ninyi, mimi naweza kukimbia tena." Akatushukuru kwa Kinande, "Wasingya," nasi tukaona haya kuipokea.

Kwa hiyo tunamaliza na ombi. Ubatizo ule ulifanyika hapa Bungulu miaka miwili iliyopita, na watu walikuwa wengi. Kama una foto yoyote ya siku ile, iwe ya karatasi au ndani ya telefoni, angalia vizuri watu waliosimama nyuma. Ukiona mzee mrefu mwenye koti la kahawia, uilete Jumamosi saa nane, mahali petu pa siku zote. Hata kama imefifia, hata kama anaonekana nusu, tutaipiga upya kwa lenzi hii na kumpelekea bibi.

Na kila mama anayekuja, alete foto moja ya zamani ya nyumbani kwake. Tutazinakili zote bila malipo hadi mwisho wa mwezi huu. Mbaki na amani.